Kukadiria baridi ya Juni na Julai Lubumbashi kwa modeli za masafa marefu: shajara ya mradi

Januari: swali lenyewe

Mvua bado zinanyesha na lenga-lenga (mchicha) inaota hata pembezoni mwa barabara, lakini kazi ya kukadiria baridi ya mwezi wa sita inaanza sasa, kwa sababu maamuzi yanayogusa mfuko hufanywa mapema. Nyanya inayotakiwa kutoa maua Juni husiwa Machi au Aprili, hukaa kitaluni wiki nne hadi sita, ndipo ihamishwe. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 10, chavua yake hudhoofika, maua hupukutika, na mama wa bustani kule Kilobelobe hubaki na mashina ya kijani yasiyo na tunda. Kifaranga cha siku moja kinataka nyuzi 32 hadi 34 katika wiki ya kwanza, kisha joto lipunguzwe nyuzi 2 hadi 3 kila wiki. Julai joto hilo hutoka kwenye mbabula, yaani jiko la mkaa, na mbabula hula makala (mkaa). Tilapia hupunguza kula maji yakishuka chini ya nyuzi 20, karibu na 16 huacha, na maji yakielekea 10 hufa.

Lubumbashi iko nyuzi 11 na dakika 40 hivi kusini mwa Ikweta, lakini imekaa juu ya uwanda wenye kimo cha mita 1,200 na zaidi. Kimo hicho pamoja na ukavu wa hewa ndivyo vinavyotupa kipupwe cha kweli: alasiri nyuzi 25, alfajiri chini ya 10, na katika madembo, yaani mabonde ya nyasi yenye majimaji, umande huganda kuwa sakitu. Swali la mradi, basi, ni hili: Machi, miezi mitatu kabla, modeli za masafa marefu, yaani programu za kompyuta zinazokokotoa hali ya hewa ya miezi ijayo, zinaweza kutuambia nini kuhusu alfajiri za Juni, na nini haziwezi?

Februari: kuchota data

Chanzo kikuu ni hifadhi ya data ya tabianchi ya Copernicus, mpango wa Umoja wa Ulaya. Ni bure, mradi ufungue akaunti. Humo kuna utabiri wa msimu wa vituo kadhaa: ECMWF (kituo cha utabiri cha nchi za Ulaya), Météo-France ya Ufaransa, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, ya Ujerumani, CMCC ya Italia, NCEP ya Marekani, JMA ya Japani na wengine. Tumeanza na SEAS5, modeli ya msimu ya ECMWF, iliyoanza kazi Novemba 2017. Kila mwezi hukimbizwa mara 51, kila mkimbio ukianza na tofauti ndogo ya hali ya bahari na hewa, na kila mmoja hufika miezi saba mbele. CFSv2, modeli ya NCEP iliyo kazini tangu 2011, tunaiweka pembeni kama shahidi wa pili.

Maombi hutumwa kwa programu ndogo ya Python iitwayo cdsapi, na faili husomwa kwa nyingine iitwayo xarray. Mahali ambapo watu hukwama ni palepale. Kwanza, lazima ukubali masharti ya leseni kwenye ukurasa wa data hiyo, la sivyo ombi hukataliwa hata kama ufunguo wa akaunti yako ni sahihi. Pili, eneo huandikwa kwa mpangilio wa kaskazini, magharibi, kusini, mashariki. Letu ni -10, 26, -14, 30. Ukiligeuza, utapata bahari au utapata kosa. Tatu, namba ya mfumo hubadilika kituo kinapoboresha modeli yake: SEAS5 ilikuwa 5, na tangu Novemba 2022 ni 51. Nne, joto huja kwa Kelvin, kwa hiyo toa 273.15. Tano, usiombe miaka yote kwa mkupuo. Omba mwezi mmoja wa kuanzia kwa kila ombi, kwa sababu foleni ni ndefu na umeme wetu haungojei.

Kati ya vigezo tunachukua viwili: joto la wastani la mita 2, na joto la chini kabisa katika saa 24. Hicho cha pili kina jambo la kuangalia. Siku ya modeli huanza saa 00 ya dunia, ambayo kwetu ni saa nane usiku, na thamani hupewa muhuri wa mwisho wa saa 24. Alfajiri ya tarehe 10, ambayo hapa hufika kilele cha baridi karibu saa kumi na mbili, utaikuta imeandikwa tarehe 11. Asiyerudisha siku moja nyuma atalinganisha usiku usiohusika na kudhani modeli ni mbovu.

Machi: kutoa upendeleo wa modeli

Namba ghafi za SEAS5 kwa Lubumbashi hazifai kusomwa kama zilivyo. Kisanduku cha data hiyo kina upande wa nyuzi moja, kama kilomita 110, kwa hiyo kinachanganya mji, mabonde ya mto Kafubu na kipande cha Zambia. Tena modeli hupeperuka: kadiri miezi inavyokwenda, inaacha hali halisi iliyoanza nayo na kuelekea tabianchi yake yenyewe. Upendeleo (kosa la kudumu la modeli kuelekea joto au baridi) wa Juni katika utabiri ulioanza Machi si sawa na upendeleo wa Juni katika utabiri ulioanza Mei. Unahesabiwa peke yake kwa kila mwezi wa kuanzia na kila mwezi wa mbele.

Kinachotusaidia ni utabiri wa kurudi nyuma: modeli ileile imekimbizwa kwa miaka ya 1993 hadi 2016, mikimbio 25 kwa mwaka. Hapo tunapata thamani 600 za kila mwezi. Tunazipanga kuanzia ya chini hadi ya juu. Ya 200 ni mpaka wa theluthi ya baridi, ya 400 ni mpaka wa theluthi ya joto. Kisha tunahesabu mikimbio mingapi kati ya 51 ya mwaka huu imeanguka katika theluthi ya baridi.

Hapa subira inahitajika. Ikiwa mikimbio 17 imeanguka humo, modeli haijasema kitu, maana 17 ni theluthi ya 51. Ikiwa ni 20, yaani karibu asilimia 39, bado haijasema kitu: kwa mikimbio 51, bahati peke yake husogeza hesabu hiyo kwa asilimia 6 au 7 kwenda juu au chini. Tumekubaliana kutotamka neno “baridi” mbele ya wakulima kabla ya mikimbio 26 kuelekea huko, na kabla ya angalau vituo vingine viwili kukubali.

Machi, mwishoni: ramani ambayo ni nyekundu daima

Hili ndilo jambo tunaloomba kila anayejaribu kazi hii alisome mara mbili. Ramani za utabiri wa msimu hulinganisha mwaka huu na wastani wa 1993 hadi 2016. Dunia imeongezeka joto tangu wakati huo. Matokeo yake, karibu kila mwaka ramani ya Juni huonyesha “joto kuliko kawaida” juu ya Kongo ya kusini, na mtu huweza kuishi miaka kumi bila kuiona rangi ya bluu ingawa madembo yaliganda humohumo. Mkulima hajilinganishi na 1993. Anajilinganisha na mwaka jana na juzi.

Tiba yake ina sehemu mbili. Tunachora mstari wa mwelekeo wa ongezeko la joto katika miaka ya nyuma, kwa modeli na kwa data halisi, kisha tunauondoa pande zote mbili. Halafu tunaweka kando ya utabiri wa mwaka huu utabiri uliotolewa na modeli hiyohiyo Machi ya miaka michache iliyopita. Swali linakuwa “je, imeegemea baridi kuliko ilivyokuwa ikiegemea karibuni?” Hilo mkulima analielewa.

Mwelekeo ukishatolewa, uwezo wa modeli unaoonekana hushuka, na ni vizuri ushuke. Sehemu kubwa ya sifa nzuri tuliyoiona mwanzoni ilikuwa ni kujua tu kwamba dunia inapata joto. Kwa miaka 24, uwiano kati ya utabiri na hali halisi usiofika 0.40 hauna tofauti na bahati nasibu. Na hata ukifika, ondoa 1998 na 2016 uone kama bado umesimama: miaka hiyo miwili ilifuata El Niño kubwa (Bahari ya Pasifiki kupata joto kupita kawaida) za 1997/98 na 2015/16, na pointi mbili zinaweza kubeba grafu nzima mabegani mwao. Ukijaribu visanduku na miezi ishirini, mmoja utapita mtihani kwa bahati. Huo usiuchague peke yake ukauita ugunduzi.

Aprili: kinachotengeneza usiku wa baridi

Wanaotabiri majira ya baridi ya Ulaya wana vitu vyao vya kuangalia: tofauti ya mgandamizo wa hewa kati ya Iceland na Azores, na upepo wa duara ulio juu kabisa ya ncha ya kaskazini. Majira ya baridi ya 2009/10 yalikuwa makali kule Ulaya ya kaskazini kwa sababu tofauti hiyo ilianguka vibaya, na Februari 2018 upepo wa juu ya ncha ulivunjika, wiki chache baadaye baridi ya Siberia ikamwagikia Uingereza. Hayo ni mambo ya Desemba hadi Machi na ya upande mwingine wa dunia. Anayechukua maandishi ya huko na kuyatumia hapa Katanga anapima nguo kwa mwili wa mwingine.

Baridi yetu ina vyanzo viwili, na modeli ya msimu inaviona kwa viwango tofauti.

Cha kwanza ni ardhi kupoteza joto usiku. Mei mawingu huisha, hewa hukauka, na joto la mchana hupanda moja kwa moja kwenda anga. Kinachozuia joto kushuka ni umande: hewa ikifika kiwango cha umande, mvuke hugeuka maji na kutoa joto, mteremko hupungua kasi. Ndiyo maana kipimo cha kiwango cha umande cha saa kumi na mbili jioni kinatusaidia kuliko joto la saa hiyo. Kikiwa nyuzi 12, alfajiri haitakwenda mbali chini ya hapo. Kikiwa nyuzi 2, hakuna kizuizi. Ukavu huo huanzia mbali: mvua zikikatika mapema Machi, udongo wa Aprili unakuwa mkavu, na udongo mkavu huhifadhi joto kidogo. Mchana unakuwa mkali zaidi na usiku mkali zaidi. Hapo wastani wa mwezi unaweza kutoka “wa kawaida” huku alfajiri zikiua nyanya. Kwa hiyo hatukubali tena ramani ya joto la wastani peke yake. Tunaangalia joto la chini, na unyevu wa udongo ambao modeli inaanza nao Aprili.

Cha pili ni hewa kutoka kusini. Pepo baridi za Bahari ya Kusini zikipita Cape ya Afrika Kusini, nyuma yake mgandamizo mkubwa wa hewa hujisogeza kwenye pwani ya mashariki na kusukuma hewa baridi na kavu kupitia Zimbabwe na Zambia hadi kwetu. Inachukua siku kadhaa. Siku ya kwanza upepo wa kusini-mashariki huvuma mchana kutwa na mji mzima hutafuta sweta, ila usiku huo upepo huchanganya hewa na sakitu haishiki. Hatari ni usiku wa pili au wa tatu, upepo unapokufa na hewa kavu imebaki. Modeli ya msimu haiwezi kukuambia tarehe ya tukio hilo hata moja. Kinachoongoza njia ya pepo hizo, yaani mkanda wa upepo unaoizunguka Antaktika kusogea kaskazini au kusini, kinatabirika vizuri kwa wiki mbili hivi tu.

El Niño na La Niña (Pasifiki inapopoa) zinaingiaje? Kwa wastani, ukanda wa tropiki hubaki na joto kwa miezi kadhaa baada ya El Niño kufika kilele mwishoni mwa mwaka, na hupoa baada ya La Niña. Hapo ndipo modeli hupata sehemu kubwa ya uwezo wake kwetu. Bahati mbaya Machi hadi Mei ndio msimu ambao modeli zote hutabiri vibaya mwendo wa Pasifiki. Kwa hiyo utabiri unaoanza Machi unategemea zaidi Pasifiki ilivyokuwa kuliko itakavyokuwa. Tena mlipuko mkubwa wa volkano unaweza kufuta mahesabu yote: Pinatubo ililipuka Juni 1991 na kuipoza dunia kwa karibu nusu nyuzi mwaka uliofuata, mwaka ambao haumo katika miaka ya kurudi nyuma tunayotumia.

Mei, mwanzoni: vipima joto

Hakuna modeli inayoijua dembo yako. Usiku usio na upepo, hewa baridi ni nzito, huteremka mtelemko na kutulia chini. Kanuni ya vitabuni ya kupunguza nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda hugeuka kichwa chini: bonde linakuwa baridi kuliko kilima. Anayesahihisha modeli kwa kimo peke yake atamwambia mwenye bustani ya bondeni kwamba yuko salama, na huyo ndiye aliye hatarini kuliko wote.

Kwa hiyo vipima vinakwenda kwa jozi, kimoja mtelemkoni na kimoja dembo, vyote kimo cha mita 1.5, na cha tatu sentimita 5 juu ya majani. Tunatumia vipima joto vya DS18B20 vilivyounganishwa na kompyuta ndogo ya ESP32. Kipinga cha kilo-omu 4.7 kinaunganisha waya wa data na waya wa umeme; bila hicho kipima hakisomeki. Usomaji wa nyuzi 85 kamili ni ishara kwamba kipima kimeulizwa kabla hakijamaliza kupima. Kipe milisekunde 750, na programu itupilie mbali kila 85. Usahihi wake ni nusu nyuzi, hivyo kila kimoja hupitishwa kwenye barafu iliyopondwa yenye maji safi, hukorogwa, husubiriwa kitulie, na tofauti yake na sifuri huandikwa juu yake kwa kalamu isiyofutika. Unyevu na kiwango cha umande tunapima kwa kipima cha SHT31.

Kivuli cha kipima ni sahani nyeupe za plastiki zilizopangwa juu ya nyingine kwa nafasi ya sentimita 2, za juu zikiwa nzima na za chini zikitobolewa katikati. Usikifunge ukutani wala chini ya mwembe. Ukuta hutoa usiku joto ulilomeza mchana, na majani ya mti huzuia joto la ardhi kutoroka; kipima kitadanganya kuelekea upande wa usalama, ambao ndio mbaya zaidi.

Mei, mwishoni: kuteremka ngazi

Kuanzia sasa utabiri wa msimu unakaa nyuma na wa wiki unakuja mbele. ECMWF ina utabiri wa siku 46, ambao tangu 2023 hukimbizwa kila siku kwa mikimbio 101. GEFS, mfumo wa utabiri wa Marekani, ina mikimbio 31, inafika siku 35, na data yake ni bure. Katika wiki ya tatu na ya nne tunauliza tu kama wiki nzima inaegemea baridi. Katika siku 5 hadi 10 tunatazama ramani ya mgandamizo kusini mwa Afrika: je, mgandamizo mkubwa unasogea juu ya Msumbiji, na je, mikimbio mingi inakubaliana siku ipi? Siku 1 hadi 3, umande wa jioni, upepo na mawingu vinachukua usukani.

Marekebisho ya dembo tunayapata kwa kuchukua usiku tulivu usio na mawingu peke yake, kisha kutoa joto la modeli kutoka joto la kipima. Usiku wa upepo una hesabu yake tofauti, na kuzichanganya mbili hizi huzaa wastani usiofaa popote.

Juni: nani aambiwe nini

Ujumbe umefungwa kwa gharama ya kitendo. Machi, msimu ukiegemea baridi, tunapendekeza yasiyo na hasara kubwa: nusu ya mbegu za nyanya zingojee Julai, bondeni pandwe kabichi na vitunguu vinavyostahimili, kitalu kihamie mtelemkoni au ubavuni mwa kichuguu kikubwa. Mei, wiki mbili za mbele zikionyesha baridi, mfugaji aahirishe kuagiza vifaranga au aweke makala ya akiba. Siku tatu kabla ndipo kazi ya mikono inapoanza.

Kazi hiyo, kwa mpangilio: mwagilia udongo saa sita mchana, si jioni, ili upate jua la kuumezesha joto. Ondoa nyasi kavu zilizotandazwa kuzunguka miche, kwa sababu zinazuia joto la udongo lisipande hadi kwenye majani. Fungua uwazi kwenye ua upande wa chini wa bustani, hewa baridi ipate mlango wa kutokea. Funika kabla ya jua kuzama kwa nguo kuukuu au mifuko iliyokatwa, juu ya vijiti, maana plastiki ikigusa jani huligandisha palepale inapogusa. Funua jua likipanda. Tilapia asilishwe asubuhi hiyo. Chakula asichokula kitaoza na kula oksijeni. Banda la vifaranga libaki na tundu la juu hata kama mbabula inawaka, kwa sababu moshi usioonekana wa makala huua kuku na huua anayelala nao.

Tunatuma ujumbe wa simu wenye mistari mitatu: bonde litashuka nyuzi ngapi, usiku upi, na mikimbio mingapi kati ya yote inasema hivyo. Mstari huo wa tatu wengine walitaka ufutwe ili usichanganye watu. Umebaki. Mama anayeambiwa “7 kati ya 10” anajua kupima mwenyewe kama nguo zake ni za kufunika miche yote au safu mbili za mbele.

Julai: hesabu inayoendelea

Kila utabiri umehifadhiwa na tarehe yake kabla ya usiku wenyewe kufika, na hakuna faili inayoguswa baada ya hapo. Agosti ikiisha, kila uwezekano tuliotabiri utapunguzwa thamani halisi (1 ikiwa alfajiri ilishuka chini ya nyuzi 5 dembo, 0 ikiwa haikushuka), tofauti ipigwe mraba, na wastani wake ulinganishwe na wa mtu anayetabiri kila usiku kwa kawaida ya Juni peke yake. Hesabu hiyo inafanywa mara tatu, kwa msimu, kwa wiki na kwa siku, kila moja ikiwa na jedwali lake. Jedwali la msimu litakuwa na mstari mmoja tu wa mwaka huu, kwa hiyo halitatumika kuhukumu SEAS5. Kwa hilo tunabaki na ile miaka 24.

Kazi iliyobaki mezani ni ya unyevu wa udongo wa Aprili: kuchukua ERA5-Land, hifadhi ya data ya hali ya ardhi ya miaka iliyopita, ambayo ina data tangu 1950 kwa visanduku vya kilomita 9, na kuona kama Aprili kavu hufuatwa kweli na Juni yenye alfajiri kali, mwelekeo wa joto ukishatolewa. Mvua za Machi zinapimwa hata na ndoo yenye rula, kwa hiyo mkulima asiye na intaneti angeweza kuitumia kanuni hiyo mwenyewe.